Fichtelgebirge: milima ya misitu inayogawa maji ya Ulaya

Katika pembe ya kaskazini mashariki ya jimbo la Bavaria, karibu na mpaka wa Ujerumani na Jamhuri ya Czech, ipo safu ya milima ambayo ni nadra kutajwa katika taarifa za habari. Jina lake ni Fichtelgebirge. Kwa kimo haistaajabishi: kilele chake kirefu kuliko vyote, Schneeberg, kina mita 1,051 juu ya usawa wa bahari, na jirani yake Ochsenkopf ana mita 1,024. Msomaji aliyelelewa chini ya Kilimanjaro au Rwenzori huenda akaviita vilima tu.

Hata hivyo, katika milima hiyo inachimbuka mito minne inayoelekea pande nne za dunia. Maji ya mmoja hupita Frankfurt na kuishia Uholanzi. Maji ya mwingine hupita Vienna, Budapest na Belgrade kabla ya kuingia Bahari Nyeusi. Miwili iliyobaki huachana mwanzoni kabisa, mmoja ukiifuata Thuringia na mwingine ukivuka kwenda Jamhuri ya Czech, kisha maji yake hukutana tena mamia ya kilomita mbele katika Mto Elbe na kwenda pamoja hadi Hamburg. Kwa hiyo jambo lolote linaloupata msitu huu, iwe ukame, sumu au mvua iliyochafuka, huwafikia watu ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Kwato ya farasi

Umbo la safu hii ndilo linaloeleza mengi. Ukiitazama kutoka juu, inafanana na kwato ya farasi iliyoachwa wazi upande wa kaskazini mashariki. Upande wa magharibi wamesimama Schneeberg na Ochsenkopf. Mkono wa kaskazini una milima ya Waldstein na Kornberg. Mkono wa kusini una Kösseine, na ng'ambo yake Steinwald. Katikati ya kwato hiyo pana uwanda wenye miji midogo kama Wunsiedel na Marktredwitz.

Maji yanayoanguka ndani ya kwato hayana njia nyingine isipokuwa ule upande ulio wazi, yaani kuelekea Czech. Yanayoanguka nje hutelemka kufuata mteremko yaliouangukia: magharibi, kaskazini au kusini. Hakuna muujiza hapo, ni sura ya ardhi tu.

Mwamba wenyewe ni graniti, uliotokana na mawe yaliyoyeyuka chini sana ya ardhi na kupoa polepole yapata miaka milioni 300 iliyopita. Baadaye udongo na miamba laini iliyoufunika ililiwa na hali ya hewa, graniti ikabaki wazi, nayo ikapasuka katika mabonge makubwa ya mviringo. Mfano mashuhuri ni Luisenburg, karibu na Wunsiedel, ambapo mabonge hayo yamelundikana hata watu hupenya katikati yake kama wapitao katika vichochoro vya mji wa kale.

Graniti haihifadhi maji mengi ndani yake. Maji hukaa katika tabaka la changarawe na mchanga lililo juu ya mwamba, katika mizizi ya msitu na katika vinamasi. Kwa sababu hiyo chemchemi za huku ni nyingi lakini ni ndogo, na maji yake ni laini mno, yasiyo na chokaa. Sifa hiyo ya mwisho inafaa ikumbukwe, maana ndiyo iliyokuja kuwa udhaifu mkubwa wa msitu.

Mstari usioonekana

Wanajiografia huzungumza juu ya mgawanyo wa maji: mstari unaopita juu ya mgongo wa milima, ambao tone likianguka upande wake mmoja huenda katika mto huu, na likianguka upande wa pili huenda katika mto mwingine. Kwa Kiswahili jambo hili huhitaji maneno mengi kidogo, lakini msomaji anayetoka Rwanda, Burundi au Kivu hahitaji kufafanuliwa. Mgongo wa Kongo na Nile unaopita katika msitu wa Nyungwe hufanya kazi hiyo hiyo: mvua ya magharibi huenda Ziwa Kivu, Rusizi, Tanganyika na hatimaye Atlantiki, na ile ya mashariki hufika Bahari ya Mediterania kwa njia ya Nile.

Ulaya nayo ina mgongo wake mkuu wa namna hiyo. Ni mstari mrefu unaotenganisha maji yaendayo Bahari ya Kaskazini, Baltiki na Atlantiki na yale yaendayo Mediterania na Bahari Nyeusi. Mstari huo unapita Fichtelgebirge. Na hapo ndipo penye jambo la pekee, kwa kuwa si bahari mbili tu zinazogawanywa. Mabonde ya mito mitatu mikubwa, Rhine, Danube na Elbe, yanagusana katika milima hii. Mtembezi anayezunguka miteremko ya Schneeberg na Ochsenkopf kwa muda wa siku moja anaweza kuyakanyaga yote matatu, wala asione ishara yoyote isipokuwa kibao cha mbao hapa na pale.

Mito minne

Main Mweupe, kwa Kijerumani Weißer Main, unachimbuka katika mteremko wa mashariki wa Ochsenkopf, mita 887 juu ya bahari. Chanzo chake ni kidogo kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukizuia kwa viganja vya mikono. Karibu na Kulmbach unaungana na Main Mwekundu, utokao vilima vya kusini mwa Bayreuth, na kutoka hapo huitwa Main tu. Unapita Würzburg na Frankfurt, kisha unaingia katika Rhine mkabala na mji wa Mainz.

Si mbali na chanzo hicho, mwendo mfupi kwa miguu katika msitu huo huo, unaanza Fichtelnaab. Huu unageukia kusini. Maji yake huingia Waldnaab, kisha Naab, na Naab nao huingia Danube karibu na Regensburg. Matone mawili yaliyoanguka kwa mvua moja juu ya miti miwili jirani yanaweza kutengana hapo. Moja likaishia Rotterdam, jingine kwenye delta ya Danube huko Romania.

Saale unatoka Waldstein, karibu na kijiji cha Zell, na kuelekea kaskazini kupitia Hof, Jena na Halle. Wajerumani huuita Saale wa Sachsen, ili usichanganywe na mto mwingine wa Franken wenye jina hilo hilo. Wakati wa kugawanyika kwa Ujerumani sehemu ya mto huu ilikuwa mpaka kati ya Mashariki na Magharibi. Kijito kimoja kinachoulisha, Tannbach, kilipasua katikati kijiji cha Mödlareuth, na mwaka 1966 ukuta wa zege ulijengwa hapo. Wanajeshi wa Kimarekani walikiita Berlin Ndogo.

Mto wa nne ni Eger. Unaanzia chini ya Schneeberg upande wa kaskazini magharibi, unapita Weißenstadt na Marktleuthen, kisha unavuka mpaka na kubadili jina. Wacheki huuita Ohře. Mji wa kwanza mkubwa unaokutana nao ng'ambo ni Cheb, baadaye Karlovy Vary wenye chemchemi za maji moto, na huko Litoměřice unaingia katika Elbe. Saale unauingia Elbe mbali zaidi, karibu na Barby, juu kidogo ya Magdeburg. Hapo ndipo maji ya Waldstein na ya Schneeberg yanapokutana tena.

Ziwa la wazee

Watu wa zamani hawakukubali kwamba mito minne yaweza kuanza mahali pamoja kwa sababu ya sura ya ardhi tu. Walisadiki kwamba juu ya milima lipo ziwa moja linalomwaga maji pande zote nne, na ramani za kale zililichora hivyo. Caspar Brusch, msomi aliyekulia katika mji wa Eger, alichapisha maelezo ya kwanza ya milima hii mwaka 1542, katika zama ambazo maarifa na hadithi vilikaa ndani ya kitabu kimoja bila kugombana.

Kinachopatikana kweli katika bonde lililo kati ya Ochsenkopf na Schneeberg ni kinamasi, chenye udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, na pembeni yake Fichtelsee, ziwa dogo lililotengenezwa na binadamu. Maji ya kinamasi hicho yalizuiliwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya kufulia chuma. Wazee hawakukosea kabisa: kinamasi hunywa mvua na theluji kama sifongo, kisha huyaachilia maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kikikauka, chemchemi za chini hukauka mapema.

Msitu uliopandwa

Jina Fichtelgebirge humkumbusha kila Mjerumani neno Fichte, yaani msprusi, mti wa jamii ya msonobari wenye majani kama sindano. Leo misprusi imetawala miteremko, na mgeni hudhani imekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Msitu wa asili ulichanganya misprusi na miti mingine ya sindano pamoja na miti ya majani mapana. Migodi ndiyo iliyoubadilisha. Dhahabu ilichimbwa Goldkronach, bati Weißenstadt, chuma mahali pengi, na tanuri zote hizo zilihitaji makaa. Katika miaka ya 1790 Alexander von Humboldt, kabla ya safari zake za Amerika, alikuwa ofisa wa migodi wa serikali ya Prussia katika eneo hili. Baada ya miti kufyekwa, wasimamizi wa misitu walipanda msprusi, kwa kuwa hukua upesi na mbao zake hunyooka.

Matokeo yake yalionekana katika karne ya 20. Viwanda vya umeme vilivyochoma makaa ya mawe ya kahawia, katika Ujerumani Mashariki na Czechoslovakia ya wakati huo, vilitoa moshi wenye salfa nyingi, na viwanda na magari ya Magharibi vikaongeza vyake. Mvua ikawa na asidi. Misprusi ya vilele ikaanza kugeuka manjano na kupukutisha sindano zake, na kufikia miaka ya 1980 picha za miti hiyo zilikuwa zimewatia Wajerumani hofu kubwa kwamba misitu yao inakufa.

Mengi ambayo Ulaya inayajua juu ya ugonjwa ule yalichunguzwa hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, kilichofunguliwa mwaka 1975, walipima miti, udongo na vijito vya Fichtelgebirge kwa miaka mingi. Kitabu chao kikuu, kilichohaririwa na Ernst-Detlef Schulze, Otto Lange na Ram Oren, kilitoka mwaka 1989. Walionyesha kwamba tatizo lilikuwa zaidi ya moshi kuunguza majani. Asidi ilisomba madini ya magnesi na kalsi kutoka katika udongo, na udongo wa graniti ulikuwa na akiba ndogo tangu awali. Wakati huo huo nitrojeni ya angani iliuchochea mti ukue haraka kuliko chakula ulichonacho. Mti ulikuwa ukinenepa na kufa njaa kwa pamoja.

Mitambo ya kusafisha moshi ilipofungwa na viwanda vya zamani vya Mashariki kufungwa, hewa ilisafika upesi kuliko wengi walivyotarajia. Udongo haukufanya haraka hivyo. Katika bonde dogo la kijito cha Lehstenbach, chini ya Waldstein, vipimo vilionyesha kwamba salfa iliyojikusanya ardhini kwa miongo mingi iliendelea kutoka polepole na kuingia katika maji. Kijito kinakumbuka moshi wa viwanda ambavyo havipo tena. Katika maeneo mengi chokaa hunyunyizwa msituni, mara nyingine kwa helikopta, ili kurudisha madini yaliyopotea.

Adui wa sasa ni mwingine. Ukame wa miaka ya 2018 hadi 2020 uliidhoofisha misprusi kote Ujerumani, na mbawakawa wanaochimba chini ya magome wakaishambulia. Mti wenye maji ya kutosha huwazamisha wadudu hao kwa utomvu wake. Mti wenye kiu hauna silaha hiyo. Wasimamizi wa misitu wanarudisha sasa ule mchanganyiko wa miti uliokuwapo kabla ya enzi ya migodi, kazi itakayomalizwa na wajukuu wao.

Upande wenye maji na upande mkavu

Mgawanyo wa maji haugawi sawa. Vilele vya Fichtelgebirge hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua na theluji kwa mwaka, lakini bonde la Main huko chini, kuzunguka Würzburg, hupata kama milimita 600. Danube kwa upande wake hulishwa na mito ya Alps. Hivyo kaskazini mwa Bavaria kuna watu wengi, viwanda vingi na maji machache, na kusini kuna maji ya kubaki.

Mwaka 1970 Bunge la Bavaria liliamua kuyavusha maji mgongoni. Mabwawa yalichimbwa katika Franken ya kati, likiwamo Brombachsee, na mashine zikawekwa za kusukuma maji ya Danube na Altmühl kupita mgawanyo mkuu na kuyaingiza katika mito inayokwenda Main. Kwa wastani ni takriban mita za ujazo milioni 150 kwa mwaka. Mfereji wa Main na Danube, uliofunguliwa kwa meli mwaka 1992, ndio unaobeba sehemu kubwa ya maji hayo. Mahali pake pa juu kabisa pana mita 406. Charlemagne alijaribu jambo kama hilo mwaka 793 na kuacha handaki ambalo mabaki yake yanaonekana hadi leo. Oktoba 2018 kipimo cha kina cha Rhine pale Kaub kilishuka hadi sentimita 25 na meli za mizigo zikalazimika kupunguza shehena. Katika mwaka kama huo maji yaliyokopwa ng'ambo ya mgongo si anasa kwa Main.

Mawimbi yasiyogawanywa

Kuna kitu kimoja kilichovuka milima hii bila kujali miteremko. Tangu miaka ya 1950 shirika la utangazaji la Bavaria lina mtambo wa televisheni juu ya Ochsenkopf, na matangazo yake yalifika mbali ndani ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961, mara baada ya ukuta wa Berlin kujengwa, vijana wa chama tawala cha huko walitumwa kupanda juu ya mapaa na kuzigeuza au kuzivunja antena zilizoelekezwa kwenye mlima huo. Kampeni hiyo hukumbukwa kwa jina la Ochsenkopf. Schneeberg ulikuwa na kazi ya kinyume. Kilele chake kilifungwa na jeshi, na mnara wake ulisikiliza mawasiliano ya upande wa pili. Mnara ungalipo.

Zebaki ya Marktredwitz

Kwa maji, mipaka ya kisiasa ina maana ndogo, na hakuna mahali panapoonyesha hilo kama Marktredwitz, ndani ya ile kwato ya farasi. Mwaka 1788 kilianzishwa hapo kiwanda cha kemikali, miongoni mwa vya kwanza Ujerumani. Goethe alikitembelea mwaka 1822. Kilitengeneza bidhaa za zebaki, zikiwamo baadaye dawa za kukinga mbegu na magonjwa. Kwa karibu miaka 200 zebaki ilipenya katika udongo na kutiririkia mto Kösseine.

Fuata maji. Kösseine unaingia Röslau, Röslau unaingia Eger, na Eger unaingia bwawa la Skalka, juu kidogo ya Cheb. Mto ukifika bwawani hupunguza kasi na kutua mzigo wake. Basi mashapo ya Skalka, katika nchi nyingine kabisa, yakawa ghala la sumu iliyotengenezwa Bavaria, na samaki wake wakaonekana kuwa na zebaki kupita viwango vya chakula. Kiwanda kilifungwa mwaka 1985 na udongo wa eneo lake ulisafishwa katika miaka ya 1990 kwa gharama kubwa. Zebaki iliyokwisha kusafiri haikurudi. Haiozi wala haichomwi na jua. Huchochewa na kila furiko kutoka kingo za mto na kusogea mbele kidogo.

Tangu mwaka 2000 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka nchi wanachama kusimamia maji kwa kufuata mabonde ya mito badala ya mikoa. Kwa Fichtelgebirge maana yake ni kuhudumia tume tatu za kimataifa: ya Rhine iliyopo Koblenz, ya Danube iliyopo Vienna, na ya Elbe, iliyoundwa mwaka 1990, iliyopo Magdeburg. Kösseine unahesabiwa katika bonde la Elbe, na kwa hiyo suala la zebaki ni la Magdeburg. Fichtelnaab, unaoanza upande wa pili wa milima hiyo hiyo, ni wa Vienna. Samaki wa Skalka bado hupimwa.